Sanduku la Walatino Lililonizungusha London

Gatini, Woolwich

Kivuko kilikuwa kimeshaondoka na sanduku limo ndani yake, na mimi nimebaki gatini na kikapu cha sambusa.

Hapo ndipo palipokuwa pabaya kuliko pote, na ndipo ninapoanzia, kwa sababu wengi wenu, Waswahili wenzangu, mlionipigia simu mlitaka kujua hapo tu. "Bi Mwanaisha, ni kweli ulikuwa unapiga kelele pale Woolwich kama mtu aliyeibiwa mtoto?" Ni kweli. Nilimwita Wilson, dereva wetu, kwa majina yote niliyoyatoa Tanga, na yalipokwisha nikaongeza niliyojifunza hapahapa London kwa Wakolombia. Mzungu mmoja wa kivukoni, kavaa koti la manjano linalong'aa, akaniambia nitulie, kivuko kingine kinakuja. Nikamuuliza, hicho kingine kina kura? Akanitazama kama watu wanavyomtazama mtu anayeongea na njiwa.

Ndani ya veni ya Wilson, chini ya siti, mlikuwa na kura za Walatino wa Tooting na Woolwich. Mlinzi wa kura hizo, mtu pekee aliyeaminiwa na mataifa yote yale, ni mimi. Na mlinzi kaachwa nchi kavu.

Naandika haya kwa mkono wangu. Darasa la nne langu mnalijua, kwa hiyo mkikuta kosa, limezeni na chai. Majina sitayaficha. Wenyewe walipokuwa wakitenda hawakuficha sura.

Walthamstow, ndani ya soko

Wasiolijua soko letu, ni lile la ndani, lenye paa, nyuma ya soko refu la barabarani. Wafanyabiashara wake wengi ni Walatino, watu wa Amerika ya Kusini. Mimi nina kipembe changu karibu na choo, nauza chai, sambusa na vitumbua. Kwa muda mrefu nilijua wale wote ni Waspanishi, basi. Wao nao walijua Waafrika sote ni Wanaijeria, tukawa tumetoka sare.

Aliyenitoa ushamba ni Nubia. Siku alipofungua meza yake ya kushona nguo nilimwona mweusi, mnene wa kwetu, kafunga kitambaa kichwani, nikasema huyu ni wa Mtwara huyu. Nikamwambia, "Habari za asubuhi, dada." Akanijibu Kispanishi. Kumbe ni Mkolombia, kwao pwani, mababu zake walipelekwa huko kwa minyororo. Tukacheka mpaka mteja wake akaondoka na suruali ya mtu mwingine. Tangu siku hiyo ni ndugu yangu. Lugha yetu ni Kizungu cha sokoni, kile ambacho neno likikosekana mkono unamalizia.

Mwenyekiti wa wafanyabiashara Walatino ni Don Ramiro, Mwekuado, yaani mtu wa Ekuado, muuza nyama. Kabla yake alikuwa kaka yake. Paa la upande wa nyuma lilipoanza kuvuja, wenye soko wakaufunga upande ule "kwa muda". Waliokuwa kule ni wanawake kwa wingi: mafundi cherehani, wasusi, wapishi. Wakatawanyika, wengine Tooting, wengine Woolwich, kila mmoja kajibanza kwenye duka la mtu. Muda ule umezaa na kujukuu. Don Ramiro hakutia neno, maana bucha lake lilikuwa limenenepa mpaka likameza njia ya kwendea kule nyuma.

Sasa wenye soko wanataka kuandika mikataba mipya, na atakayeketi nao mezani ni mwenyekiti. Nubia akasema atagombea, na ahadi yake ni moja: upande wa nyuma ufunguliwe, waliotawanyika warudi. Mwanamke alikuwa hajawahi kugombea pale. Soko likachemka kama sufuria ya makande.

Uchaguzi ukawekwa Jumamosi. Lakini Jumamosi ndiyo siku ya kuuza. Nani wa Tooting atafunga meza yake akapige kura Walthamstow? Ikaamuliwa sanduku liwafuate. Haya, nani alibebe? Mkolombia haaminiwi na Wekuado. Mwekuado haaminiwi na Waperu. Mperu haaminiwi na Wabolivia. Na Wabrazili, hakuna aliyekuwa na hakika kama nao wamo. Macho yote yakanigeukia mimi na kijiko changu cha mafuta.

"Doña Aisha," akasema Don Ramiro, maana Mwanaisha limewashinda, na Doña kwao ni kama Bi, "wewe huna upande."

Sina upande! Mimi ambaye kipembe changu kimo kwenye mikataba hiyohiyo! Ila mwanamke akikaa kimya anakaanga sambusa, watu hudhani na mawazo yake yanakaangwa humohumo. Binti yangu Rehema, Kiswahili anakisikia vizuri lakini kujibu ni kwa Kizungu, akaniambia, "Mum, don't get involved." Nikamwambia sijihusishi, nabeba tu.

Sanduku lenyewe lilikuwa pipa la plastiki la kuwekea mchele, kifuniko kimetobolewa. Kila taifa likalifunga kwa utepe wake, maana hakuna lililouamini utepe wa jirani, likawa limepambwa kama mwali. Karatasi za kura zilikuwa na picha mbili. Ya Don Ramiro ilipigwa zamani, enzi za nywele. Ya Nubia waliipiga watu wa Don Ramiro, wakamngojea mpaka alipoutia mhogo mdomoni.

Sheria zikawa mbili. Sanduku lisitoke mkononi mwangu. Na liwe limeingia sokoni kabla mlango wa chuma haujateremshwa jioni. Likikuta mlango umefungwa, kura zilizomo si kura. Hiyo ya pili aliileta Don Ramiro, na sisi tukaitikia "si, si", ndiyo yao hiyo ya Kispanishi, kama watoto wa chuoni.

Kwenda Tooting, na nyama

Dereva alikuwa Wilson, Mbolivia, mtu mzima mwenye kitambi na masharubu, anayepeleka nyama za Don Ramiro. Veni ilinuka damu na marashi. Nikalipakata sanduku mapajani, nikafunga mkanda juu yake.

Hatujafika mbali, akasimama. Kushusha soseji kwenye mkahawa. Tukaenda kidogo, akasimama tena. Mguu wa nguruwe. Mimi Mwislamu, na sanduku la kura mapajani, na miguu ya nguruwe inanigonga kisogo kila tukikata kona. Nikamuuliza, "Wilson, leo ni kura au ni bucha?"

"Doña Aisha, demokrasia haimzuii mtu kula."

Daraja tulilovukia siwezi kuwaambia jina, nilikuwa nachungulia nyuma kama nyama haijaniangukia. Ila Wilson aliongea njia nzima, na nilianza kuona kwamba Waspanishi wangu wale si kitu kimoja.

"Mimi sina neno na wanawake," akasema. "Nyumbani mke wangu Gladys ndiye waziri wa fedha, wa ulinzi na wa mambo ya ndani. Ndiyo maana nataka huku nje angalau atawale mwanamume, nipumzike."

"Na Wekuado wanasemaje?"

"Wekuado wanasema Nubia hafai kwa kuwa ni mwanamke."

"Na Wakolombia, nduguze?"

"Wale wa pwani wanampenda. Wale wa milimani wanasema wao hawana shida na mwanamke hata kidogo." Akajishika shavu, akaivuta ngozi. "Shida yao ni hii. Ila kwa kuwa kuisema ni aibu, nao wanasema ni kwa sababu ni mwanamke."

Hilo halikuhitaji Kispanishi.

Tooting, kwa kuku wa Doña Elvira

Tooting tulimkuta Doña Elvira, Mperu, bibi mfupi mwenye mikono ya mpiga ngumi, anachoma kuku pembeni mwa duka la vitambaa la Mhindi. Ndiye aliyewakusanya wapiga kura. Akaichukua karatasi, akaisogeza machoni.

"Kijana huyu mzuri ni nani?"

"Don Ramiro," nikamwambia.

"Mungu wangu. Kumbe alikuwa mtu."

Kisha akatangaza, mumewe akiwa anamsikia: "Mimi namchagua Ramiro! Mwanamke akae na kuku wake. Wanawake nawajua, nimekuwa mmoja maisha yangu yote." Mumewe akaitikia kwa kichwa, karidhika. Watu wakacheka, lakini wasichana wawili wa Kiekuado waliokuwa nyuma yake wakasema na wao ni Ramiro, na hawakuwa wanatania. Mama zao, walisema, waliwafundisha kwamba mwanamke anayepaza sauti hadharani hapati wa kumzika. Nilishangaa. Watu hao ndio waliofukuzwa na lile paa! Nilidhani kuwa mwanamke na kuwa umeonewa kunatosha kukutia upande mmoja. Hakutoshi, jamani.

Halafu akaja fundi viatu mmoja Mchile, mzee safi, tai shingoni. Akanieleza kwa kirefu kwamba kwao mwanamke alishakalia kiti cha urais, kwa hiyo yeye ni mtu wa kisasa na atampa mwanamke kura yake popote duniani. Nikafurahi. Akamaliza: "Isipokuwa Mkolombia."

Doña Elvira akanigeukia. "Na kwenu Afrika?"

"Kwetu mama yuko Ikulu," nikasema, nikainua kidevu.

Kelele zikakatika. Hata kuku naona aliacha kutoa mafuta.

"Mwanamke? Rais?"

"Rais."

"Na mumeo sasa anajifulia nguo?"

"Mume wangu alikwishaondoka zamani, na nguo alizibeba zikiwa chafu."

"Basi umeona," akasema Doña Elvira. Sijui mpaka leo ni nini nilichokiona.

Zamu yake ilipofika akaingia nyuma ya pazia la kitambaa tulilolifunga. Akakaa mle kitambo. Mtu ambaye kashaamua, tena kashatangaza, anatafuta nini pazia zima lile? Alipotoka akanitumbukizia karatasi yake bila kunitazama, akarudi kumpigia mumewe kelele kuhusu mkaa.

Tungeondoka hapo, lakini mwenye duka la vitambaa alinisikia nikimtukana Wilson kwa Kiswahili. Mzee wa Kihindi, mvi kichwa kizima. "Wewe toka wapi mama?"

"Shikamoo mzee. Tanga."

"Marahaba! Tanga! Mimi zaliwa Tanga, Barabara ya Kumi na Mbili!" Akafunga mlango wa duka, wateja wakiwa ndani. Ikaletwa chai ya maziwa na tangawizi, ukaletwa mhogo wa kukaanga na pilipili, ambao wao huuita mogo, na mzee akaniuliza habari za watu ambao wengi wao walikufa kabla sijaota meno. Kula nilikula kweli, siwadanganyi. Nilikula na sanduku liko katikati ya miguu. Mzee akaliuliza ni la nini, nikamweleza.

"Mimi pia iko na maoni," akasema, akanyoosha mkono apewe karatasi.

"Mzee, wewe si Mlatino."

"Hata wewe," akasema.

Kwenda Woolwich

Nilipotoka, Wilson hakuwepo kwenye veni. Nilimkuta kwa Doña Elvira, mbele yake kuku nusu, wali na viazi, anakula kama mtu aliyelipwa kutafuna. Nikamwambia jua linaondoka. Akasema tumbo lake ni Katoliki, haliwezi kukimbizwa. Ndipo nilipoanza kumtilia shaka.

Njiani nikampa sambusa ili asitafute sababu nyingine ya kusimama. Akaila, akasema, "Hii ni empanada iliyokonda." Nikamwambia empanada ni sambusa iliyokosa malezi. Tukabishana mpaka akapitiliza njia ya kukata, tukajikuta tunazunguka mitaa ya nyumba ambazo zote ni moja. Leo najua alipitiliza makusudi. Siku ile nilijilaumu kwa ajili ya sambusa.

Woolwich nyinyi mnaijua kuliko mimi. Tulisimama karibu na soko, kwa Luciana, Mbrazili anayetengeneza kucha. Kikao cha Walthamstow kilikuwa kimebishana kutwa kama Wabrazili wana kura. Luciana mwenyewe alisema, "Mimi si Mlatino, mimi ni Mbrazili." Nikasema basi, nikafunika. Akanikamata mkono. "Kura yangu unaipeleka wapi?"

Hapo walikuwapo wanawake wa Kibolivia, walokole, sketi ndefu, na kati yao ndiye Gladys, mke wa Wilson, anauza supu ya karanga. Mmoja akauliza kama si dhambi, maana mchungaji wao kafundisha kwamba mwanamume ni kichwa cha nyumba.

Gladys akampa bakuli ashike, akamjibu huku akichota. "Soko ni nyumba?"

"Si nyumba."

"Ramiro ni mume wako?"

"Ashindwe!"

"Basi panga mstari."

Wilson alikuwa kasimama mlangoni. Gladys akamtazama, hakumsalimia. "Na wewe umekuja na Biblia au na soseji?" Watu wakaangua kicheko. Wilson akachukua karatasi yake, akaingia nyuma ya mlango wa stoo kupiga kura, kichwa chini kama mtu anayekwenda kupimwa na daktari.

Hapo nilijaziwa sanduku mpaka karatasi za mwisho tukazisukuma kwa kidole. Na katika wote wale, wallahi, sikujua nani kapata. Kuna waliosema Nubia kwa sababu ni mwanamke, na wengine Nubia ingawa ni mwanamke, na mmoja Nubia kwa sababu Ramiro alimuuzia maini mabovu. Kuna waliosema Ramiro kwa sababu ni mwanamume, na msusi mmoja, mwanamke msomi wa kule kwao, aliyesema Ramiro kwa sababu Nubia hakumaliza shule. Hilo lilinichoma zaidi ya mengine, mnajua ni kwa nini.

Uongo wa kivukoni

Saa hiyo mwanga umeanza kupungua. Nikasema twende moja kwa moja. Wilson akasema tunavuka na kivuko, bure, hakuna foleni ya barabarani. Tukaingia kwenye mstari wa magari. Mbele yetu gari linaanza kuitwa, ndipo akanigeukia kwa sauti ya huruma.

"Doña Aisha, abiria hawapandi ndani ya gari. Sheria ya hapa. Gari na dereva tu. Wewe pita kule wanakopita watu wa miguu, tutakutana ndani."

"Na sanduku?"

"Sanduku ni mzigo. Mizigo inabaki kwenye gari."

Nilisita. Lakini nchi hii ina sheria mpaka ya pipa la takataka. Ningejuaje kwamba hii si sheria? Nikalisukuma sanduku chini ya siti, nikashuka na kikapu. Nikakimbilia upande wa watu wa miguu, na nikiwa bado nahema, geti likafungwa mbele ya pua yangu. Wilson akaniona. Akaangalia mbele.

Ndiyo zile kelele.

Chini ya mto

Aliyenisaidia hanijui wala simjui. Ni Mkenya, nesi, katoka kazini, koti juu ya sare, Nyambura jina lake. Alisikia "mwanaharamu" kwa Kiswahili fasaha akageuka.

"Mama, mama, tulia. Umeibiwa?"

"Kura! Wameondoka na kura!"

"Kura za wapi tena, mama? Za Kenya?"

"Za Walatino!"

Nadhani alinipima kama mgonjwa. Kisha akasema, "Sawa. Na si upite chini?"

"Chini ya nini?"

"Ya mto. Kuna njia ya miguu hapo, ndani kwa ndani. Mimi hupita nikichelewa. Twende, leta kikapu."

Nilidhani ananitania. Kumbe kuna kijumba cha mviringo cha matofali, unaingia, unashuka ngazi zinazozunguka mpaka kichwa nacho kinazunguka, halafu unakuta bomba refu la vigae vyeupe, na Mto Thames wote uko juu yako. Miaka yote niliyokaa London, hakuna aliyewahi kuniambia. Mimi na magoti yangu, buibui nimelikunja mkononi, Nyambura mbele na kikapu, anageuka: "Mama, usiangalie juu. Tembea tu. Huyo mgombea wako ni wa chama gani?"

"Ni fundi cherehani."

"Mwanamke?"

"Mwanamke."

"Basi kimbia, mama!"

Nilikimbia. Kwa umri wangu huko si kukimbia, ni kuanguka kwa kwenda mbele, lakini nilikwenda. Sauti ya viatu vyangu ilirudi kwangu kama kuna wengine nyuma yangu, wengi.

Tulipotokeza ng'ambo, kivuko kilikuwa bado kinangoja mwenzake atoke gatini kiingie. Nikamwachia Nyambura sambusa zote zilizobaki. Alinikumbatia akasema hajawahi kusikia upuuzi mzuri kama huu, akageuka kurudi kwao. Kumbe hata hakuwa anavuka.

Magari yakaanza kushuka. Veni ya nyama ilipofika nikasimama mbele yake.

Wilson akafunga breki. "Doña Aisha? Umefikaje?"

"Nimetembea chini ya maji," nikamwambia.

Akapiga ishara ya msalaba. Mara mbili.

Wilson anatapika

Naye ile njia ya chini alikuwa haijui, na mimi sikumfundisha. Tangu hapo mpaka Walthamstow alijibu kila nililomuuliza kama mtoto aliyeona jini. Mimi nimekaa juu ya sanduku, si kulipakata tena.

Nani kakuambia uchelewe? Don Ramiro. Soseji za njiani? Don Ramiro. Kivuko? Kivuko alikibuni mwenyewe, alipoona nimeanza kumtilia shaka. Kwa nini Don Ramiro anaogopa? Kwa sababu wanawake wa Tooting na Woolwich wote ni wa Nubia, alisema, kila mtu anajua.

"Kila mtu nani? Wewe uliwasikia leo. Doña Elvira je? Wale wasichana? Yule msusi msomi?"

Akafikiri. "Hao sijamwambia bosi."

"Na wewe ulimpa nani?"

Mvua ikaanza. "Nubia," akasema. "Gladys akirudi Walthamstow sitampeleka tena Woolwich kila asubuhi. Bosi alininunua mguu wa kukanyagia mafuta, Doña Aisha. Kidole cha kupigia kura hakukinunua."

Wilson, nimekuandika kama mkosaji na sikufuti. Ila hilo nalo nimeliandika.

Mbele ya mlango

Mlango wa chuma wa soko letu huteremshwa pale muuza matunda wa nje, yule anayeuza kwa bakuli, anapoanza kupanga makasha yake ili aondoke. Ni desturi ya soko. Hakuna anayeangalia saa. Tulipofika, muuza matunda alikuwa bado anapiga kelele, ndizi, ndizi, bakuli kwa pauni. Na mlango wetu umeshuka mpaka chini.

Ndani muziki. Nje, kwenye mvua, Nubia na watu wake. Nikaligonga lile chuma mpaka Don Ramiro akaja upande wa pili. Nilimwona vipande vipande kwenye matundu.

"Umechelewa, Doña Aisha. Pole sana. Kura za hapa sokoni zimehesabiwa, nimeshinda."

"Muuza matunda anauza bado! Msikilize!"

"Sheria ni sheria."

"Fungua uone sanduku. Tepe zote zipo."

"Sheria ni sheria," akarudia, na muziki ukaongezwa.

Watu wa Nubia wakataka kuvunja mlango. Mmoja akasema Nubia achukue sanduku, alifungue, ahesabu, atangaze. Nubia akatikisa kichwa. Maji yalikuwa yanamtiririka usoni. Sijui yalikuwa maji gani.

"Likilala kwangu watasema nimelitia mimba," akasema. "Likilala kwake litatoa mimba. Doña Aisha, lilale kwako."

Basi limelala kwangu. Liko chumbani kwangu, nimelifunika kanga, na Rehema kila akipita analisalimia. Mikataba haijasainiwa bado. Wanawake wa Woolwich wananipigia kuuliza, Gladys wa kwanza. Nubia anashona, hasemi kitu, na mashine yake siku hizi inakata uzi kila saa.

Ndiyo hayo mliyoniuliza. Lakini maneno ya mwisho si yenu.

Don Ramiro, wewe Kiswahili hukijui, ila najua mtu atakutafsiria. Sokoni hakuna siri. Nakuuliza mbele ya wote watakaosoma. Nani aliyeteremsha mlango wakati ndizi bado zinauzwa? Nani alimtuma Wilson anizungushe na miguu ya nguruwe? Na unaogopa nini? Maana mimi niliyekaa juu ya sanduku hili nimewasikia waliopiga kura humu kwa masikio yangu, na nakuapia, wapo waliokutaja wewe. Wengi. Huenda humu ndani umeshinda, Don Ramiro. Huenda umewafungia mlango wanawake waliotembea kukuamini wewe badala ya mwenzao, na mpaka leo hawajui kwamba hata kura yao kwako umeiita si kura.

Au huenda umeshindwa, na fundi cherehani ndiye mwenyekiti wako.

Mimi sijui. Wewe pia hujui. Tofauti yetu ni kwamba mimi nimelala nalo chumba kimoja na sijalichungulia. Basi njoo, mchana, watu wakiwapo, tulifungue. Na kama hutaki kuja, simama pale kwenye bucha lako uwaambie wale wanawake kwa kinywa chako kwa nini.